Mkataba wa sevisi ya AC wa mwaka mzima: nitie saini ama nibaki na fundi wangu? (Malindi)

Bi_Maweni (mwenye uzi)

Assalaam aleikum waungwana, na habari zenu nyote.

Nina jambo naomba mnisaidie kulipima kabla mwezi haujaisha. Nyumba yetu iko upande wa Silversands, ukisimama roshani bahari unaiona. Chini tunakaa mimi na mama, juu tunakodisha wageni, zaidi kuanzia Desemba hadi Machi na tena Agosti. AC ni tatu: moja ya BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 18,000 sebule ya juu, moja ya BTU 12,000 chumba cha wageni, na nyingine ya BTU 12,000 chumbani kwa mama. Mama ana presha. Kaskazi, upepo wa miezi ya joto, ikishika, chumba kile bila ubaridi halali usiku kucha.

Sasa kampuni moja ya mafundi imeniletea mkataba. Shilingi 28,000 kwa mwaka kwa AC zote tatu, zinalipwa mbele zote. Wanachoahidi: kuja mara 2 kwa mwaka, kusafisha "mashine kamili", kuongeza gesi bure "inapohitajika", kufika ndani ya saa 24 ukiwapigia, na punguzo la asilimia 10 kwenye vipuri.

Fundi wangu wa siku zote hunitoza 2,500 kwa AC moja. Akija mara 2 kwa mashine tatu, ni 15,000. Kwa hivyo kampuni inataka 13,000 zaidi. Fundi wangu ni kijana mwaminifu, kosa lake ni moja tu: Desemba humpati, hoteli zote zinamwita yeye.

Ninachotaka kujua, hizo 13,000 zinanunua nini hasa? Ni kazi, ama ni utulivu wa moyo tu? Wenye uzoefu wa pwani hii naomba mseme.

Mkwezi_Mambrui

Dada, usitie saini. Hao huja, wanapangusa kifuniko cha mbele kwa kitambaa, wanabandika stika yenye tarehe, wanaenda zao. Mwaka ukiisha wanarudi na risiti mpya. Pesa ya mbele ndiyo wanayoitaka. 28,000 ziweke kando, AC ikiharibika utazikuta.

Nyumba_Watamu

Mimi nasimamia nyumba za wageni Watamu na kidogo Casuarina, na nyumba zote nilizo nazo ziko kwenye mkataba. Kaka Mkwezi ana haki kuhusu wale wa stika, wapo wengi. Lakini mgeni aliyelipia nyumba yenye AC, akilala usiku mmoja wa Februari kwenye joto, asubuhi anadai pesa zake, na akiandika maoni mabaya mtandaoni yanakaa pale msimu mzima. Hapo 13,000 ni kitu kidogo.

Bi Maweni, zile saa 24 ndizo unazozinunua. Hakikisha tu zimeandikwa kwamba zinahesabika hata Krismasi na Mwaka Mpya. Mikataba mingi ina kijisentensi mahali fulani kinachosema "siku za kazi". Siku za kazi hazikusaidii, mgeni wako anakuja tarehe 24 Desemba.

Jambo lingine, weka daftari. Kila fundi anapokuja andika tarehe, jina, alichofanya, gesi gramu ngapi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Na ukiwa na AC mpya iliyo ndani ya garanti, duka litakuuliza uthibitisho wa sevisi kabla ya kukubadilishia kompresa, ile pampu inayozungusha gesi.

FundiBaridi

Bi Maweni, kwanza pole na mama, Mungu ampe afya. Mimi ni fundi wa friji na AC, nimefanya hotelini na majumbani kuanzia Mtwapa hadi Ngomeni. Nitasema ninayoyaona ndani ya mashine. Samahani kwa urefu.

Tuanze na gesi, maana hapo ndipo watu wanapoliwa pesa zao. Gesi ya AC haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: ndani ya nyumba inanyonya joto, nje inalitoa, inarudi tena, miaka yote. Ikipungua, basi imevuja, na palipovuja bado papo. Fundi anayekuongezea gesi kila sevisi bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kitakachovuja tena kabla ya msimu kuisha. Kwa hivyo hiyo "gesi bure inapohitajika" mimi hainifurahishi hata kidogo. Kwao ni rahisi: anaunga mpira, anaongeza kidogo, AC inapoa wiki kadhaa, wewe unashukuru. Ninachotaka kuona kwenye karatasi ni maneno mengine: gesi ikipungua, tundu litafutwe kwa naitrojeni na povu la sabuni, lizibwe, mabomba yanyonywe hewa kwa pampu, kisha gesi iwekwe kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine ya nje. Kampuni ikikubali kuandika hivyo, hao ni mafundi. Ikikataa, umeshajibiwa.

La pili, na ndilo kubwa kwetu: chumvi. Hapa Malindi AC nyingi haziuawi na uzee, zinauawa na chumvi. Nenda nyuma ya mashine yako ya nje, tazama yale mapezi membamba ya alumini. Yapitishe kidole taratibu. Yakipukutika unga mweupe, chumvi imeshaanza kula. Mapezi yale ni ya alumini na yamebana mabomba ya shaba. Unyevu wa chumvi ukikaa kati ya madini hayo mawili, alumini ndiyo inayolika. Mapezi yakilika, joto halitoki, kompresa inafanya kazi kwa nguvu kuliko ilivyopangiwa, inachemka, na siku moja inanyamaza. Kompresa ndiyo kipuri ghali kuliko vyote kwenye mashine ile. Wakati wa Kusi (upepo wa kusini wa katikati ya mwaka) bahari inapochafuka upepo unaleta mvuke wa chumvi mpaka barazani, na nyumba yako ya Silversands inaupata wote.

Dawa yake ni rahisi: mashine ya nje ioshwe kwa maji matamu mara kwa mara. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari hivyo, mara 2 kwa mwaka haitoshi kabisa. Mimi nasema kila miezi mitatu, na wakati wa Kusi hata kila mwezi ukiweza. Hii haihitaji fundi. Zima umeme kwenye swichi kubwa ya AC, si rimoti, chukua mpira wa bustani, mwagia mapezi kwa maji ya kawaida yanayotiririka. Usitumie mashine ya kuoshea magari, mapezi yanalala yote na hewa haipiti tena. Usikubali mtu akuoshee kwa asidi.

La tatu, ndani. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na ndani ya AC ni giza na majimaji, kwa hivyo ukungu unaota kwenye lile gurudumu linalosukuma hewa. Ile harufu ya soksi unayoisikia ukiwasha ni hiyo. Utelezi nao unaziba bomba la kutolea maji, maji yanarudi na kuteremka ukutani. Sevisi ya kweli ni kufungua, kufunika ukuta kwa mfuko wa plastiki, kuosha koili na gurudumu mpaka maji yanayoingia kwenye ndoo yaache kuwa meusi, kuzibua bomba, kupima ampea za kompresa, kukaza waya, na kufungua kisanduku cha umeme cha nje kutazama mijusi. Mjusi kafiri anapenda joto la bodi, akigusa mahali pawili kwa pamoja anakufa yeye na bodi pia. Kazi hiyo kwa AC moja inachukua saa nzima au karibu yake. Akimaliza tatu kabla chai haijapoa, hakufungua kitu.

Mwisho, fundi akimaliza mwombe kipimajoto. Apime hewa inayoingia juu ya mashine na inayotoka chini. Tofauti ya digrii 8 hadi 12 hivi ni nzuri. Mkataba wowote usiokuwa na vipimo vilivyoandikwa kila ziara, mimi siutaki hata ungekuwa 5,000.

Mama_Kinyozi_Shela

Fundi, Mungu akulipe. Nimetoka kwenda kugusa mapezi ya kwangu sasa hivi. Unga upo.

Bi_Maweni

Fundi nakushukuru sana. Swali moja: sisi tuna kisima, maji yake ni ya chumvi chumvi, ndiyo tunayotumia kwa bustani na kuoshea sakafu. Hayo yanafaa kuoshea mashine ya nje?

FundiBaridi

Hapana dada, hayo ndiyo yatakayoimaliza. Maji ya kisima cha ufuoni yakikauka yanaacha chumvi ileile unayoikimbia. Tumia ya bomba, yale ya Baricho, au ya mvua ukiwa na tangi. Bomba likiwa halina maji siku hiyo, subiri siku nyingine. Na umwambie fundi wa kampuni pia, kwa sababu wakija wanachukua mpira ulio karibu, hawaulizi maji ni ya wapi.

Nyumba_Watamu

Hilo la maji nimeliona hata kwenye gizer, yale matangi ya kupashia maji ya moto. Tangi la chuma likijazwa maji ya kisima, kile kijiti cha ndani kinacholika badala ya tangi kinakwisha upesi, na kikishakwisha kutu inaanza kula tangi lenyewe. Kampuni ikikwambia mkataba unahusu na gizer, uliza kama watakitoa kijiti hicho na kukitazama kila mwaka. Wengi wanagusa bomba, wakiona maji ni moto wanaandika "sawa".

Saida_Ughaibuni

Salaam wote. Mimi mtoto wa Malindi lakini niko Uingereza, na huku mipango hii ndiyo maisha ya watu. Nyumba nyingi zina boila ya gesi inayopasha maji na radieta za kuta, na watu wanalipa kila mwezi mpango wa kuihudumia. Nilimshauri kaka yangu Malindi achukue mkataba wa AC kwa sababu huku ni jambo la kawaida. Kumsoma Fundi kumenifanya niitazame tofauti.

Boila huku inaweza kuua. Ikiungua vibaya inatoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, familia inalala haiamki. Ndiyo maana mwenye nyumba anayepangisha analazimishwa na sheria kukaguliwa vifaa vyake vya gesi kila mwaka na fundi aliyesajiliwa. Halafu kuna baridi: boila ikifa Januari na una mtoto mchanga, huwezi kungoja wiki. Kwa hivyo wanaolipa wananunua usalama na haraka. Hata hivyo baadhi ya mipango inakutoza kiasi fulani kila unapomwita fundi, juu ya ada ya mwezi, na boila ikizeeka wanakwambia vipuri havipatikani, nunua mpya. Marekani nako wana desturi ya ziara mbili, masika kwa AC na vuli kwa tanuri la joto, kwa sababu mashine mbili zinapokezana msimu.

Malindi haina hayo. Mashine ni moja, inafanya kazi karibu mwaka mzima, na ikifa haiui mtu. Nafikiri ile "mara 2 kwa mwaka" iliyoko kwenye karatasi ya Bi Maweni imenakiliwa kutoka nchi za baridi bila mtu kuuliza Kusi inavuma lini.

FundiBaridi

Saida, umesema kweli. Kama ni mara 2 tu, tarehe zifuate upepo. Moja iwe tanga mbili, Oktoba au Novemba, baada ya Kusi kulala na kabla Kaskazi haijaleta joto na wageni. Nyingine iwe Aprili joto linapopungua. Kampuni nyingi hapa zinahesabu miezi sita kutoka siku uliyolipa. Ukilipa Februari wanakuja Agosti katikati ya Kusi, wakimaliza kuosha chumvi inarudi.

Mkwezi_Mambrui

Bado nasimama pale pale. Yote aliyoyasema Fundi, nusu yake mtu anafanya mwenyewe kwa mpira wa maji. Nusu nyingine ni ya fundi wake wa 2,500. Mkataba wa nini?

Mwl_Gede

Kaka Mkwezi, hebu tuitazame kwa upande wa tokeni za umeme. AC ya BTU 12,000 isiyokuwa inveta (yaani kompresa yake huwaka na kuzima badala ya kubadili kasi) inavuta kilowati 1 hivi kompresa inapozunguka. Saa 8 za usiku wa joto, kompresa haipumziki sana, sema yuniti 8. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema kuweka filta safi badala ya iliyoziba kunaweza kupunguza umeme wa AC kwa asilimia 5 hadi 15. Chukua 15: ni yuniti 1.2 kwa usiku, yuniti 36 kwa mwezi. Ukichukulia shilingi 30 kwa yuniti, ni 1,080 kila mwezi kwa AC moja. Hata ukichukua ile 5, ni 360.

Sasa filta ya Malindi inaziba kwa muda gani? Kwa vumbi letu na mchanga wa ufuo, wiki mbili unaiona imevaa koti. Mkataba wa ziara 2 kwa mwaka hauwezi kukusafishia filta. Hiyo pesa ya tokeni iko mikononi mwa yule anayekaa na mashine: kuichomoa, kuisuuza kwenye beseni, kuianika kivulini, kuirudisha. Bi Maweni mfundishe yule msichana anayetandika vitanda vya wageni aifanye kila mgeni anapotoka. Itakulipa kuliko kampuni yoyote.

Na kwa kuwa umeme wetu unapanda na kushuka, kila AC iwe na gadi yake, kifaa cha kuikinga na umeme mbaya, inayosubiri dakika kadhaa kabla ya kuwasha tena umeme unaporudi. Kompresa ikilazimishwa kuanza presha haijashuka inaungua. Mkataba haulipii kompresa iliyoungua kwa umeme, tazama kipengele hicho utakikuta.

Mlamu_wa_Langoni

Naingia kutoka Lamu. Huku hesabu zenu zinageuka. Mjini kwetu gari karibu hakuna, fundi mzuri anatoka bara, anavuka Mokowe kwa mashua, mtungi wa gesi na ngazi zinabebwa kwa punda au kwa kichwa. Akifika amegundua kapasita imekufa na hakubeba, siku imepotea na nauli imekwenda. Kwa sisi wenye nyumba za wageni hapa na Shela, ada ya mkataba tunailipa ili fundi awe na sababu ya kuja, na aje na vipuri. Tumeungana nyumba kadhaa za mtaa mmoja, tukampa fundi mmoja kazi ya siku mbili mfululizo, nauli tunagawana. Bei ilishuka kuliko kila mtu kuita wake.

Na nyumba zetu za mawe, zenye kuta nene na dari ndefu, hazihitaji AC kila chumba. Feni na dirisha la upande wa upepo vinatosha miezi mingi. Waliofunga AC kwenye chumba cha makuti bila dari ndio wanaoteseka, baridi inatoka juu na mashine haipumziki mchana wala usiku. Hiyo haitibiwi na mkataba.

WakiliMdogo

Niseme machache ya karatasi. "Mashine kamili" na "inapohitajika" ni maneno yasiyo na mpaka, na mzozo ukitokea atakayeyafasiri ni yule aliyeshika pesa yako tayari. Badala yake orodha ya kazi iandikwe, jina la kazi kwa jina. Pesa ilipwe kwa vipande, nusu kwanza na nusu baada ya ziara ya pili. Kuwe na kipengele cha kujitoa: wasipofika kwa muda walioahidi, unarudishiwa sehemu iliyobaki. Na tazama kama mkataba unajirudia wenyewe mwaka ukiisha bila wewe kuulizwa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaostahili na haki ya kupewa habari anazozihitaji ili afaidike nayo. Kuna na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Kwa hivyo usiogope kuuliza maswali kabla ya kutia saini, ni haki yako na si utovu wa adabu.

Bi_Maweni

Nimesoma yote, na jana niliwaita wakaja nyumbani. Nilitoka nao nje, nikawauliza mashine moja moja.

Ya mama, ile ya BTU 12,000, kibati chake kinasema gesi yake ni R22. Wale vijana waliniambia haraka haraka kwamba hiyo nayo iko ndani ya 28,000, gesi bure. Fundi, unasemaje? Mashine ni nzee lakini bado inapoa, ila mwaka huu imeongezwa gesi na mwaka jana pia.

FundiBaridi

Dada, hiyo usiiingize kwenye mkataba wowote. Imeongezwa miaka miwili mfululizo, basi inavuja. R22 ni gesi inayoondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Kwa nchi kama Kenya ratiba yake ilipunguza asilimia 35 kufikia 2020, asilimia 67.5 kufikia 2025, na 2030 ndiyo mwisho, isipokuwa kiasi kidogo sana cha kuhudumia mashine za zamani. Maana yake inazidi kuadimika, na kila kitu adimu kinaghushiwa. Mitungi yenye gesi ya mchanganyiko usiojulikana inauzwa kwa jina la R22. Kijana atakayekuja kukuongezea "bure" hutajua ametia nini.

Nawe usikubali mtu akuambie ataigeuza hiyo mashine iwe ya gesi mpya za R410A au R32. R410A inafanya kazi kwa presha kubwa kuliko R22 kwa zaidi ya mara moja na nusu, mabomba na kompresa ile havikutengenezwa kwa hiyo. R32 nayo inaweza kushika moto, inataka mashine yake na fundi anayeijua.

Mama ndiye anayeihitaji AC kuliko wageni wote. Pesa ambayo ungeitia kwenye mkataba wa mashine ile, iweke kwenye mpya. Chukua inveta ya R32, yenye mapezi yaliyopakwa rangi ya kinga, yale ya bluu au ya dhahabu. Na usiku inveta haitamwamsha kwa kuwaka na kuzima.

Mkwezi_Mambrui

Hapa nakubaliana na Fundi asilimia mia. Mama kwanza.

Nyumba_Watamu

Zile mbili za juu je, zina umri gani?

Bi_Maweni

Za juu ni za R410A, zote mbili bado changa, mapezi hayajapukutika isipokuwa pembeni kidogo ile ya sebule iliyoelekea bahari.

Nimewarudia kampuni na karatasi yangu mwenyewe niliyoiandika kutokana na uzi huu. Nimetaka mambo haya: AC mbili za juu peke yake. Sevisi ya kufungua na kuosha mara 2, Oktoba na Aprili. Kuosha mashine za nje kwa maji ya bomba mara 2 nyingine, Juni na Agosti. Vipimo vya joto na ampea viandikwe kila ziara. Gesi ikipungua, tundu kwanza. Saa 24 zihesabike hata sikukuu. Malipo nusu kwa nusu.

Bei wamesema 18,000. Maneno ya tundu walisita nayo sana, mkubwa wao akapigiwa simu, mwishowe wakakubali kutafuta bure ila kuziba nilipie vipuri na kazi. Saa 24 za sikukuu wamekataa, wamesema 48. Nimewaomba wafikirie hiyo, kwa sababu mimi nawalipa kwa ajili ya Desemba. Wakibaki kwenye 48, nitaondoa shilingi elfu kadhaa ama niachane nao nimpe fundi wangu kazi yote kwa makubaliano ya maandishi kwamba Desemba mimi ni wa kwanza. Naye nimemuuliza. Amesema kama nitamlipa sehemu mapema, Oktoba, atanitengea siku.

Mwl_Gede

Hilo la fundi wako ni mkataba pia, dada. Tena pengine ndio bora kwako.

WakiliMdogo

Muandikiane hata ukurasa mmoja, kila mtu atie saini na namba ya kitambulisho. Malipo yapitie M-Pesa ili kumbukumbu ibaki.

Bi_Maweni

Insha'Allah. Ya mama tumeamua tunanunua mpya kabla ya Novemba, ndugu zangu wote tumechanga. Fundi, swali la mwisho na nitakuacha upumzike: mashine ya nje ya zamani iko ukuta wa mbele unaotazama bahari. Mpya tuiweke papo hapo ama tuihamishe?

FundiBaridi

Ihamishe, dada. Iweke ukuta wa nyuma, upande wa bara, ili nyumba yenyewe iizuie chumvi. Chini ya varanda ni sawa, lakini usiifungie kwenye kijumba wala usiizungushie makuti, inahitaji nafasi mbele na nyuma ya kupumua, la sivyo itavuta joto lake yenyewe. Vishikio viwe vya chuma kisichoshika kutu, na skrubu vilevile, vile vya kawaida hapo kwako havimalizi miaka. Bomba la maji liwe na mteremko mpaka mwisho.

Ila mabomba ya shaba yatakuwa marefu kuliko yale ya zamani, na kifurushi cha AC mpya mara nyingi kinakuja na mita chache tu. Mwambie atakayekuja kufunga apime kwa tepu kutoka kitandani kwa mama mpaka ukuta wa nyuma, akupe bei ya shaba na gesi ya nyongeza kabla hajatoboa ukuta.